Barabara ya Jinja Iliyoachwa Wazi

(Yafuatayo ni mazungumzo juu ya Vita vya Kagera na hofu ya vita kuenea, yaliyotolewa mbele ya walimu na wanafunzi.)



Vita vinapozuka baina ya nchi mbili jirani, watu huuliza maswali mawili. La kwanza huulizwa kwa sauti kubwa, sokoni na kwenye vituo vya mabasi: nani atashinda? La pili huulizwa kwa sauti ya chini, usiku, watoto wakiwa wamelala: vita hivi vitaishia wapi? Swali la kwanza lina wasemaji wengi. Swali la pili ndilo zito zaidi, kwa kuwa moto wa kichaka haujui mpaka wa shamba la mtu, na vita vilivyoanza kwa ajili ya maili chache za nchi vimewahi kuyateketeza mabara mazima.

Mazungumzo haya yanahusu swali hilo la pili, na mfano wake umechukuliwa nyumbani. Ni Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Vijana wengi wa leo huvijua vita hivyo kwa ushindi wake. Wanajua kwamba nduli Idi Amin alivamia, akapigwa, akakimbia. Ambalo halisimuliwi mara kwa mara ni jinsi vita hivyo vilivyokaribia kuwa vita vya watu wengi zaidi, na jinsi vilivyozuiwa visiwe hivyo.

CHANZO CHA UHASAMA

Uhasama haukuanza mwaka 1978. Tarehe 25 Januari 1971, Idi Amin alimpindua Rais Milton Obote wa Uganda. Tanzania ilikataa kuutambua utawala huo, na ikampokea Obote. Mwezi Septemba 1972, wafuasi wa Obote waliingia Uganda kutokea Tanzania wakashindwa, na Amin akajibu kwa kutuma ndege zikaipiga miji ya Bukoba na Mwanza. Wakati ule pia wananchi waliogopa kwamba vita vikubwa vimefika. Rais Siad Barre wa Somalia alisuluhisha, na mapatano yakatiwa saini Mogadishu mwezi Oktoba mwaka huo. Kila upande ulikubali kuyarudisha majeshi yake nyuma ya mpaka na kutowasaidia maadui wa mwenzake.

Mapatano hayo yaliuzuia moto, hayakuuzima. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Kwa hiyo ulipofika mwaka 1978 hakikuwapo tena chombo cha majirani ambamo ugomvi ungeweza kuzungumzwa kabla haujafika kwenye bunduki. Hilo ni jambo la kwanza la kukumbukwa: vita vya Kagera vilikuta nyumba ya majirani imekwisha kubomoka.

HABARI, UVUMI NA HOFU

Mwezi Oktoba 1978 mashambulizi yalianza mpakani, na tarehe 30 mwezi huo majeshi ya Amin yaliingia kwa wingi katika nchi iliyo kaskazini ya Mto Kagera, eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,800. Tarehe 1 Novemba, Redio Uganda ilitangaza kwamba eneo hilo sasa ni mali ya Uganda, ikajigamba kwamba kazi yote ilichukua dakika 25. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka lilibomolewa. Wananchi waliokuwa ng'ambo ya mto wakawa mikononi mwa adui. Waliuawa wapatao 1,500, na makumi ya maelfu waliyakimbia makazi yao. Mifugo ilisombwa, mashamba na viwanda vikaporwa.

Habari hizo hazikuwafikia Watanzania zote kwa mara moja. Zilifika vipande vipande, na mahali palipokosa habari pakajazwa na uvumi. Palisemwa kwamba adui amekwisha kuvuka mto, kwamba yuko njiani kwenda Mwanza, kwamba wapelelezi wametapakaa mijini. Katika miji ya kando ya Ziwa taa zilizimwa usiku na mahandaki yakachimbwa. Hofu haikuwashika raia peke yao. Karibu na Musoma, ndege za Tanzania zilizokuwa zikirudi nyumbani zilitunguliwa na mizinga ya Tanzania yenyewe, kwa kudhaniwa kuwa ni za adui. Hayo yanatajwa bila ya kusudi la kumwaibisha mtu. Mwenye hofu huliona kila jambo kwa umbo la adui, na silaha iliyo mkononi mwa mwenye hofu haichagui.

Ndipo tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Julius Nyerere alipozungumza na wazee wa Dar es Salaam katika ukumbi wa Diamond Jubilee, na taifa zima likamsikiliza redioni. Wengi hukumbuka mambo matatu aliyoyataja: kwamba uwezo wa kumpiga Amin upo, sababu ipo, na nia ipo. Maneno hayo yameingia katika lugha ya kila siku, hata leo mchezaji wa mpira huyatamka kabla ya mechi. Lakini yafaa yatazamwe kwa jicho la pili. Maneno yale yalimtaja adui kwa jina, naye alikuwa mtu mmoja na utawala wake. Hayakuwataja Waganda kama taifa, wala kabila, wala dini. Mwananchi aliyekuwa na hofu bila kujua anamwogopa nani alipewa jibu, na hasira iliyokuwa ikitafuta pa kuangukia ikaonyeshwa mahali pake.

Matokeo yake yalionekana upesi. Watu walichanga fedha, ng'ombe na vyakula. Malori ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa kubeba askari na mizigo kwa njia ndefu na mbovu hadi Ziwa Magharibi, mkoa ambao baada ya vita ulipewa jina la Kagera. Inakadiriwa kwamba katika muda wa majuma machache jeshi lilipanuka kutoka askari wasiofika 40,000 hadi zaidi ya 150,000, wakiwamo mgambo wapatao 40,000. Wakulima, makarani na askari polisi walijikuta wamekuwa wapiganaji.

MAJIRANI NA WASULUHISHI

Nje ya mipaka, hofu ilikuwa na sura nyingine. Kenya ilikuwa imefiwa na Rais wake wa kwanza, Mzee Jomo Kenyatta, mwezi Agosti 1978, na Rais Daniel arap Moi alikuwa ndiyo kwanza ameshika madaraka. Bidhaa na mafuta ya Uganda yalipita bandari ya Mombasa. Kenya ikashika msimamo wa kutoelemea upande wowote, nao wengi wakajiuliza ingekuwaje kama vita vingeisukuma upande mmoja.

Kusini, wapigania uhuru walikuwa na wasiwasi wao. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Mstari wa Mbele. Mwezi uleule wa Oktoba 1978, ndege za walowezi wa Rhodesia zilikuwa zikiyapiga makambi ya wapigania uhuru ndani ya Zambia. Kila askari wa Tanzania aliyepelekwa kaskazini kumkabili Amin alikuwa askari aliyepungua kusini. Hata hivyo Msumbiji, iliyokuwa yenyewe ikishambuliwa, ilileta kikosi chake kuja kusaidia. Huo ulikuwa undugu ambao haukupimwa kwa maneno.

Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ambao mwenyekiti wake wakati ule alikuwa Rais Jaafar Nimeiry wa Sudan, ulitaka pande zote mbili ziache kupigana na kukubali usuluhishi. Tanzania ilijibu kwamba mvamizi alaaniwe kwanza. Mwaka 1964 huko Cairo, viongozi wa Afrika walikuwa wameahidi kuiheshimu mipaka waliyoirithi kwa wakoloni, na Amin alikuwa ameivunja ahadi hiyo hadharani. Wapo waliouona msimamo wa Tanzania kuwa wa kiburi. Lakini wasuluhishi nao walikuwa na hofu ya kweli: walichelea kwamba kama kila ugomvi wa mpaka ungemalizwa kwa majeshi kuingia katika nchi ya pili, basi bara zima, ambalo mipaka yake ilichorwa na wageni, lisingekuwa na siku ya amani. Mtu anaweza kuwa na haki na bado mwenziwe akawa na sababu ya kuogopa. Historia haina budi kuyaeleza yote mawili.

LIBYA YAINGIA VITANI

Mvamizi alisukumwa nje ya Kagera. Mwezi Januari 1979 JWTZ ilivuka mpaka, na mwishoni mwa Februari Masaka ikaanguka. Hapo ndipo hofu ya vita kuenea ilipoacha kuwa maneno. Kanali Muammar Gaddafi wa Libya alipeleka askari na silaha nzito kumsaidia Amin. Wapiganaji wa Kipalestina nao walikuwamo upande wa Amin.

Tarehe 10 Machi, karibu na mji mdogo wa Lukaya, kwenye barabara inayopita katika kinamasi kuelekea Kampala, kikosi cha Tanzania kilichokuwa na mgambo wengi kilishambuliwa, kikavunjika na kurudi nyuma. Kesho yake vikosi vilijipanga upya, vikashambulia kutoka pande mbili, na Walibya wakapoteza mamia ya askari. Wengi wa vijana hao wa Libya walikufa katika nchi wasiyoijua, kwa ajili ya mtawala wasiyemjua.

Mwishoni mwa Machi, Libya ilitoa onyo: Tanzania iondoe majeshi yake Uganda katika muda wa saa 24, la sivyo Libya itaingia vitani rasmi. Tanzania ilikataa. Tarehe 29 Machi ndege ya Libya ilitumwa kuyapiga maghala ya mafuta ya Mwanza. Ililikosa shabaha lake. Mabomu yaliangukia kisiwa cha Saanane, mahali palipofugwa wanyama wa porini, yakaua swala na kumjeruhi mfanyakazi mmoja.

Baadaye watu walilicheka tukio hilo. Lakini siku ile lilikuwa jambo zito mno. Nchi ya Kiarabu ya kaskazini ya Afrika, yenye mafuta na silaha nyingi, ilikuwa imeupiga mji wa Tanzania. Kama mabomu yale yangeanguka kwenye makazi ya watu, kilio kingekuwa cha namna gani, na kisasi kingedaiwa kwa nani? Hapo palikuwa na mlango wa hatari. Amin alikuwa ameiingiza Uganda katika Jumuiya ya nchi za Kiislamu mwaka 1974. Ingalikuwa rahisi kwa mtu mwenye ulimi mwepesi kuvigeuza vita hivyo kuwa vita vya dini, au vita vya Waafrika na Waarabu. Tanzania ni nchi ya Waislamu na Wakristo. Ina wananchi ambao babu zao walitoka Arabuni. Neno moja la kipumbavu kutoka mahali pa juu lingeleta maafa Unguja, Tanga, Tabora na Kigoma, maili nyingi kutoka kwenye mizinga.

Neno hilo halikusemwa. Tanzania ilijibu kwa ndege zake kuyapiga maghala ya mafuta ndani ya Uganda, yaani katika nchi ambamo vita vilikuwa vikipiganwa, na ikaishia hapo. Katika mahandaki ya JWTZ Juma na Yohana walikaa bega kwa bega, wakala chakula cha sufuria moja.

BARABARA YA JINJA

Sasa mazungumzo haya yanafika kwenye kiini chake. Entebbe ilitekwa tarehe 7 Aprili 1979. Kampala ilikuwa imezingirwa kutoka kusini, magharibi na kaskazini. Kwa kanuni za kivita, lililobaki lilikuwa kuufunga upande wa mashariki, barabara iendayo Jinja, na kuwakamata wote waliokuwa ndani. Majeshi ya Tanzania yalikuwa na nguvu ya kufanya hivyo.

Barabara hiyo iliachwa wazi kwa makusudi. Mwalimu alimpelekea Gaddafi ujumbe kumweleza kwamba askari wake wanaweza kuondoka kwa njia hiyo, na kwamba hawatazuiwa wakichukuliwa kwa ndege kutoka Jinja. Walibya wakaondoka. Kampala ikatekwa tarehe 10 na 11 Aprili.

Mwanafunzi atauliza, na ana haki ya kuuliza: kwa nini adui aachiliwe? Walikuwapo askari waliozika wenzao Lukaya. Walikuwapo wananchi wa Mwanza waliolisikia bomu kwa masikio yao. Je, hao hawakustahili kuona kisasi?

Jibu linatokana na lile swali la pili. Askari wa Libya hawakuwa sababu ya vita. Sababu ilikuwa uvamizi wa Amin, naye Amin alikuwa amekwisha kushindwa. Kuwaangamiza Walibya mjini Kampala kusingemrudisha hata mmoja wa wale 1,500 waliouawa Kagera. Kungeliibisha taifa la Libya mbele ya ulimwengu, na mtu aliyeaibishwa mbele ya watu hutafuta vita vya pili. Kungezivuta nchi nyingine za Kiarabu kuja kulinda heshima ya mwenzao. Hapo vita vya Kagera vingepata jina jingine, na hakuna ambaye angejua pa kuvimalizia.

Watu wazima husema, usimfukuze mwizi ukamzibia mlango, maana akikosa pa kutokea atakugeukia wewe. Kuiacha barabara wazi kulihitaji ujasiri kuliko kuifunga. Ujasiri wa kupiga hupigiwa makofi siku ile ile. Ujasiri wa kujizuia hulaumiwa na walio wengi, na faida yake haionekani, kwa kuwa faida yake ni maafa ambayo hayakutokea.

GHARAMA

Yote haya hayana maana kwamba vita hivyo havikuwa na doa wala gharama. Lengo lenyewe lilipanuka. Vita vilianza kwa kusudi la kumtoa mvamizi Kagera, vikaishia mpaka wa Sudan tarehe 3 Juni 1979, utawala wa Uganda ukiwa umebadilishwa. Kampala iliporwa vibaya siku ilipoanguka. Kwenye mkutano wa wakuu wa Afrika uliofanyika Monrovia mwezi Julai, Tanzania ililaumiwa kwa kuvuka mpaka, na katika waliolaumu alikuwamo Rais Nimeiry na mkuu wa Nigeria, Jenerali Obasanjo. Majeshi ya Tanzania yalibaki Uganda hadi mwaka 1981. Nayo amani waliyotarajia Waganda haikuja upesi.

Askari wa Tanzania 373 walitajwa kuwa wamepoteza maisha. Gharama ya fedha ilikadiriwa kufikia dola milioni 500 za Marekani, na mwaka huo huo bei ya mafuta ilipanda ulimwenguni kutokana na mapinduzi ya Iran. Wananchi waliambiwa wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilipita na mikanda haikulegezwa. Sukari, sabuni na khanga vikawa vitu vya kupangia foleni. Watoto waliozaliwa baada ya vita walivilipia vita ambavyo hawakuviona. Vita vilivyozuiwa kuenea katika nchi nyingine vilienea katika kila jiko la Tanzania.

Basi ikiwa vita vyenye sababu ya haki, vilivyochukua miezi michache na vilivyofungwa ndani ya nchi mbili, vililigharimu taifa kiasi hicho, mwenye akili na apime mwenyewe vita visivyofungwa hugharimu nini.

FUNZO KWA WA LEO

Ukanda huu bado haujaachana na swali la pili. Mwanzoni mwa mwaka 2025, mashariki ya Kongo, mji wa Goma na kisha Bukavu ilitekwa na wapiganaji wa M23. Nchi jirani zilihusishwa moja baada ya nyingine, na katika Maziwa Makuu yote watu waliulizana tena kwa sauti ya chini vita vitaishia wapi. Tarehe 8 Februari mwaka huo, wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wa nchi za Kusini mwa Afrika walikutana kwa pamoja Dar es Salaam kutaka mapigano yasimame. Mapungufu ya mikutano ya namna hiyo yanajulikana. Lakini mwaka 1978 hata meza ya kukalia haikuwapo. Meza hiyo imejengwa upya kwa taabu, na asiyeithamini hajui palikuwaje bila yake.

Mwananchi wa kawaida hawezi kuamuru majeshi. Hata hivyo anayo sehemu yake, nayo si ndogo. Uvumi hupita kinywani mwake, naye anaweza kuuzuia pale pale. Akisikia jirani analaumiwa kwa sababu ya kabila lake, dini yake au lafudhi yake, anaweza kukataa. Viongozi wake wakijizuia, anaweza kutambua kwamba kujizuia si woga, akawaunga mkono badala ya kuwazomea. Serikali inayowasikia wananchi wake wakidai damu kila siku haiwezi kuiacha barabara yoyote wazi, hata kama ingependa.

Huko Kaboya, wilayani Muleba, yako makaburi ya mashujaa wa vita vile. Yamepangwa kwa safu, kimya, na mgeni afikaye hapo huvua kofia. Ni haki yao kuheshimiwa. Yapo na makaburi mengine ambayo hayakuchimbwa: ya vijana wa Mwanza, wa Tripoli, wa Kampala na wa Nairobi ambao wangekufa kama barabara ya Jinja ingefungwa. Hao hawajulikani kwa majina. Wengi wao sasa ni wazee wenye wajukuu, na hawajui kwamba wanaishi kwa sababu siku moja ya mwezi Aprili 1979 washindi walikubali kumwacha adui aende zake.